Ile ndege ya Gadafi iliyokosa matangi ya mafuta Mwanza ikaua swala Saa Nane 1979, kikosi chake kiliishia wapi?

Sato_Mkavu:

Wakuu habari za jioni. Jumapili nilivuka na watoto kwenda Saa Nane, si mbali, ukipandia boti kule upande wa Capri Point hata soda hujamaliza umeshafika. Tumezunguka, tumeona pimbi wanaota jua kwenye mawe, swala wawili watatu, tukakaa juu ya jiwe tunakula mihogo tuliyobeba toka nyumbani. Hapo ndo nikakumbuka stori ya bibi yangu (apumzike) kwamba wakati wa vita ya Amin ndege ya Gadafi ilikuja kupiga matangi ya mafuta hapa mjini ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwani yakaua wanyama. Bibi alikuwa akiisimulia anacheka mpaka anakohoa, "lidege lote lile limetoka kwa Waarabu huko kuja kupigana na swala".

Sasa mwanangu wa darasa la sita akanibana. Baba ilikuwa ndege gani, matangi si makubwa kwa nini ilikosa, na hao marubani baada ya hapo walienda kupiga wapi? Nikamwambia nitakujibu kesho. Kesho yenyewe imepita, leo Jumatano bado anadai na mama yake anacheka tu pembeni. Wajuzi wa mambo ya anga nisaidieni, mimi nauza spea za pikipiki nitajulia wapi haya.

Kambale77:

Hizo stori za bibi zako mkuu. Ile ilikuwa MiG, ndege ya kivita ya Amin, hao hao walioshambulia Bukoba 78. Libya ilileta askari wa miguu tu na walikimbia kule Lukaya, Uganda, viatu wakaacha.

Rada_Mbovu:

Kambale hapana, bibi yake alikuwa sahihi. Bukoba ndo ilipigwa na ndege za Uganda mwanzo wa vita, hii ya Mwanza ni mwisho wa Machi 1979 na ni Walibya wenyewe, mabomu yakatua Saa Nane, mfanyakazi mmoja akajeruhiwa na wanyama kadhaa wakafa, swala wakiwemo.

Ndege ni Tupolev Tu-22 ya Kirusi. Wengi wanaichanganya na Tu-22M ambayo Warusi wanaitumia mpaka leo, majina yanafanana ila ni ndege nyingine kabisa, ile M mabawa yake yanakunjwa na kukunjuliwa hewani, hii ya Gadafi mabawa yamelalia nyuma moja kwa moja kama mbayuwayu na injini zake mbili zimepachikwa juu mkiani, huku na huku ya lile pezi la nyuma, ukiiona picha yake mara moja huisahau. Mita 41 na ushee, ndefu nyembamba imechongoka, Warusi wenyewe wakaipa jina la Shilo, yaani msharasi, ule wa fundi viatu wa kutobolea soli. Ilibeba mpaka kilo 9,000 za mabomu na ilikimbia kuliko sauti, kama kilomita 1,500 kwa saa ikiamua.

Zilitengenezwa 311 tu mpaka 1969, na nje ya Urusi walizipata wawili, Iraq na Libya. Gadafi alianza kuletewa miaka ya 70, za kwake hazikuzidi ishirini, akaziweka uwanja wa jirani na Tripoli ambao zamani ulikuwa wa Wamarekani wakiuita Wheelus, aliwafukuza hapo 1970. Kwa hiyo ukiuliza kikosi, ndo hao, kikosi kimoja kidogo cha madege ya mabomu ambacho kwa Afrika nzima kipindi hicho wachache sana walikuwa nacho, na Gadafi alikuwa anajivunia kweli kweli.

Ila ndege yenyewe ilikuwa balaa kwa aliyeipanda kuliko kwa anayepigwa nayo. Ndani watu watatu, navigeta, yaani mwelekeza njia na mlenga mabomu, chini huko puani, juu yake nyuma kidogo rubani, halafu wa tatu kageuzia mgongo wenzake anaangalia redio na mzinga wa mkiani. Viti vyao vya kujiokoa HAVIRUSHI JUU, vinarusha CHINI. Sasa fikiria injini imezima ndo kwanza umenyanyuka toka ardhini, ukivuta unajipigiza mwenyewe kwenye lami. Na kutua ilibidi uje na spidi ya zaidi ya kilomita 300 kwa saa, ukikosea kidogo runwei imekwisha.

Kitu kimoja cha kuchekesha, mfumo wake wa kupoza hewa ulikuwa unatumia spiriti safi kabisa iliyochanganywa na maji, lita mia kadhaa kila safari. Warusi wakaiita mbeba pombe, na mafundi wa chini walikuwa wanachota kama kisima. Halafu ndo unaipeleka Libya ambako Gadafi alipiga marufuku pombe! Sijui walikuwa wanalinda vipi yale madumu.

Sato_Mkavu:

Haha dogo nimemsomea hapo kwenye viti vya kurusha chini kakaa kimya dakika nzima. Sasa mkuu kwa nini walikosa? Na walitokea wapi, maana Tripoli na Mwanza si mchezo.

Rada_Mbovu:

Tripoli mpaka Mwanza ukipiga rula ni zaidi ya kilomita 4,000, na hii ndege kwenda kupiga na kurudi bila kutua popote mwisho wake ni kama kilomita 2,200 kwenda. Kwa hiyo haikutoka Libya siku hiyo, ilibidi iwe imesogezwa kwanza kwa Amin na kunywa mafuta huko. Toka Uganda kuvuka ziwa mpaka Mwanza ni nusu saa tu.

Sasa kukosa. Hapa naongea kwa hesabu, siyo kwa kuambiwa. Tuseme wamekuja kwenye urefu wa mita 5,000 na spidi ya kilomita 900 kwa saa, ambayo kwao ni mwendo wa kawaida tu. Hiyo ni mita 250 kila sekunde. Bomu ukiliachia huko juu haliendi chini wima kama jiwe la kisimani, linaendelea kwenda mbele na ndege huku linashuka, na linachukua zaidi ya nusu dakika kufika. Yani unaliachia ukiwa bado kilomita sita saba kabla ya matangi, juu ya maji matupu, huoni kitu zaidi ya alama kwenye kioo cha rada. Ukichelewa sekunde moja kubonyeza umekosa kwa mita 250. Sekunde tatu nne, ushahama mtaa. Na Mwanza ilivyokaa, maji yanaingia mjini, visiwa, vilima vya mawe kila upande, kwenye rada ya zamani ile kisiwa na pwani vinachanganyika. Saa Nane ipo pale pale puani mwa mji. Kwa navigeta ambaye hajawahi hata kuliona ziwa, mimi sishangai.

MzeewaIgogo:

Naomba na mimi niseme maana nilikuwepo, nilikuwa darasa la tano.

Kama ulikuwa mlipuko mmoja au mitatu, mimi sikuhesabu. Nakumbuka tulikuwa tumezoea giza, usiku taa hazikuwashwa, baba alichimba handaki nyuma ya nyumba karibu na mpapai, la kuingia watu sita tukibanana, na mama alikuwa ameweka humo kopo la maji na mkate wa siku tatu zilizopita umekauka mpaka unalia ukiuvunja. Siku hiyo kishindo kilikuja toka upande wa maji, vyombo kabatini vikacheza, kuku wote wakaruka juu ya ukuta. Tukazama kwenye handaki tukakaa mpaka miguu ikafa ganzi. Mdogo wangu akakanyaga lile kopo, tukakaa na tope.

Kesho yake mji mzima ni habari moja tu, wamepiga Saa Nane. Na ndugu yangu Sato usidhani watu walicheka siku ile. Kucheka kulikuja baada ya ushindi. Siku ile wengine walifunga magodoro wakaenda vijijini kwa ndugu, mimi na mama na wadogo zangu tulipelekwa Magu kwa bibi, baba akabaki na kazi. Maana kila mtu alijua, leo wamekosa, na wakirudi kesho?

Na kile kisiwa tulikuwa tunakipenda, ndo ilikuwa bustani ya wanyama, toka 1964. Jina lenyewe la mwenyeji wake wa zamani, Mzee Saanane Chawandi. Wanyama wengine walikuwa wanakaa pale kwanza kabla ya kupelekwa kisiwa cha Rubondo. Shule zote za Mwanza zilipelekwa pale. Kwa hiyo tuliposikia swala wamekufa sisi watoto tulilia, tulikuwa tunawajua.

Kambale77:

Shikamoo mzee. Nimekubali, nafuta kauli yangu ya MiG.

Ila swali, sisi tulijibu au tulinyamaza?

MzeewaIgogo:

Marahaba. Tulijibu. Kabla ya hapo Gadafi alitoa masaa 24 tutoe majeshi Uganda, Mwalimu akajibu redioni kwamba Libya kuingia vitani hakubadilishi msimamo wetu juu ya Amin. Hiyo ndege ndo ilikuja baada ya hapo. Siku chache tu mbele, tarehe moja mwezi wa nne, ndege zetu zikavuka zikapiga Entebbe, Kampala na Jinja. Na tarehe kumi na moja Kampala ikawa imeanguka, hao wapiganaji wa Gadafi wakatafuta njia ya kwenda kwao.

Nile_Boy_JJA:

Mimi niko Jinja, Kiswahili changu mnivumilie bandugu. Siku hiyo ya ndege za Tanzania jajja (babu) wangu alikuwa kijana, anafanya kazi kwa mashamba ya miwa ya Kakira. Anasema walilala katikati ya miwa mpaka jioni, mchwa wakawakula miguu na hakuna mtu alithubutu kupiga kelele. Lakini anasema pia ndani ya roho walikuwa wanafurahi kidogo kidogo, walijua sasa Amin anaenda. Huyo mtu alikimbilia kwa Gadafi kwanza, alafu ndio Saudi.

Kichwa_Ngumu_255:

Yani kikosi kizima cha mabomu kazi yake ilikuwa kuua swala. Hawa wangepewa manati.

Rada_Mbovu:

Kichwa_Ngumu utani huo kawaambie watu wa Omdurman. Machi 16, 1984 Tu-22 moja ya Libya iliibuka juu ya Sudan ikadondosha mabomu matano kulenga kituo cha redio, watu watano wakafa. Gadafi akakana, Sudan na Misri wakasema ni yeye, Wamarekani wakaleta ndege zao za rada kulinda anga la pale. Kwa hiyo hawakuwa wa kuchekwa tu.

Na hapa ndo kuna jibu la swali la tatu la dogo. Hawa watu waliendelea, na walijifunza. Baada ya Uganda mchezo wao mkubwa ukawa Chad. Libya ilikuwa imejijengea uwanja wa ndege kaskazini mwa Chad unaitwa Ouadi Doum, Februari 16, 1986 Wafaransa, waliokuwa upande wa serikali ya Chad, wakaenda wakaupiga wakaharibu runwei. Gadafi hakulala nayo. Kesho yake tu, tarehe 17, Tu-22 MOJA, peke yake, ikapita jangwani chini chini zaidi ya kilomita elfu moja rada za Wafaransa zisiione, ikifika karibu na uwanja wa ndege wa N'Djamena, mji mkuu wa Chad, ikapanda juu kama mita 5,000 ikaachia mabomu matatu. Mawili yakatua juu ya runwei yenyewe na moja njia ya pembeni ya kupitia ndege. Uwanja ukafungwa masaa kadhaa. Sasa rudi kwenye hesabu yangu ya mita 250 kwa sekunde halafu fikiria runwei ina upana gani. Hao ndo walewale walioshindwa kupiga matangi ya Mwanza miaka saba kabla. Mimi kusema kweli sijui nani alikuwa anabonyeza siku ile ila alikuwa fundi.

Halafu haikufika nyumbani. Wakati wa kurudi ikapata hitilafu, Wamarekani waliokuwa wakisikiliza toka angani wakamnasa rubani akiomba msaada kwenye redio, kisha kimya.

Sato_Mkavu:

Duh. Kwa hiyo aliyelenga vizuri ndo akafa, na wale waliopiga swala wakarudi salama.

Sasa kilichobaki kikosi kilikufaje?

Rada_Mbovu:

Kilimalizwa na Toyota mkuu, sikutanii. 1987 Wachadi walipanda pikapu wamefunga makombora ya kupigia vifaru nyuma, wakawa wanakimbiza vifaru vya Libya jangwani, hata wanahistoria wanaiita Vita ya Toyota. Machi hiyo wakauteka ule ule uwanja wa Ouadi Doum na kila kitu kilichokuwamo, ikiwemo mitambo ya makombora ya kutungulia ndege, Kub, ya Kirusi, mipya kabisa. Agosti 8 wakauteka mji wa Aouzou. Tu-22 ikaja kuwapiga kama ilivyozoea, wakaitungua kwa Kub. Yani kombora alilonunua Gadafi, la kiwanda cha Kirusi, likaangusha ndege aliyonunua Gadafi, ya kiwanda cha Kirusi, na aliyefyatua ni mtu aliyekuja na Hilux. Risiti zote mbili ziko Tripoli.

Mwezi haujapita vizuri, Septemba 5 Wachadi wakavuka mpaka wakaingia Libya yenyewe wakachoma uwanja wa Maaten al-Sarra. Gadafi kwa hasira akatuma tena Tu-22 N'Djamena, Septemba 7. Safari hii Wafaransa walishajifunza toka 86, walikuwa wameshapanga makombora yao ya Hawk pale mjini. Moja ikaangushwa. Siku nne mbele wakasimamisha vita.

Baada ya hapo ni kuzeeka tu. Msharasi ule ulikuwa unataka mafundi wengi na spea nyingi, Warusi walianza kuondoka, 1992 UN ikaweka vikwazo kwa Libya ndo kabisa, ndege hazikuruka tena. Wewe unauza spea utanielewa kuliko wote hapa, chombo bila spea ni mapambo. Ukizitafuta leo kwenye picha za setilaiti, uwanja wa Al Jufra katikati ya jangwa, utaziona zimepangwa zimepauka, baadhi zimelala tumbo.

Kichwa_Ngumu_255:

Sawa manati nimeyarudisha kabatini.

Ila mimi bado nabisha kitu kimoja, hesabu zako za rada na sekunde ni nzuri lakini mimi naona jamaa walitupa tu waondoke. Wewe umetoka Libya, vita siyo yako, uko juu ya nchi ambayo hujui ina mizinga wapi, kiti chako kinakurusha chini kwenye ziwa lenye mamba. Unaachia mzigo unageuza. Basi.

Rada_Mbovu:

Inawezekana kabisa. Siwezi kukubishia hilo la mamba.

MzeewaIgogo:

Vijana mnaongelea sekunde, mimi nitawaambia kitu kingine. Baba yangu alikuwa anafanya kazi karibu na yale matangi. Aliporudi jioni ile tulikuwa bado hatujatoka handakini. Akatuchungulia kwa juu, nguo zake zimejaa vumbi la kukimbia na kuanguka, akasema tokeni mle, ugali. Hatukuuliza kitu. Mama akawasha jiko la mkaa ndani kwa kujificha moshi usionekane, tukala kimya. Hakuongelea siku hiyo mpaka anafariki, ila kila tukipita ufukweni alikuwa anakiangalia kile kisiwa kwanza kabla ya kuangalia mbele.

Sato_Mkavu:

Mzee wangu asante sana, pole kwa kumkumbusha mzee. Dogo nimemsomea uzi wote kuanzia juu, akaniuliza swala waliokufa walizikwa au waliliwa. Nimechoka jamani. Kuna mwenye jibu?

MzeewaIgogo:

Mwambie vita ilikuwa na njaa.